Samcheok: mji wa bahari na makaa ya mawe

Ndugu msomaji, na wewe mama unayesoma kwa sauti ili jamaa yote isikie, mwezi huu tunakwenda mbali. Tunakwenda Korea ya Kusini, kwenye pwani ya mashariki, katika mji unaoitwa Samcheok. Wakaaji wake ni kama 60,000 hivi, kwa hesabu yetu ni mji mdogo. Wakorea wenyewe wanaujua kama fasi ya kupumzika: mchanga, mapango, samaki. Wanashuka na basi kutoka Seoul, safari ya masaa matatu na zaidi, wanaoga, wanapiga picha, wanarudi.

Lakini juu ya mji huu, katika milima, kulikuwa migodi. Mgodi wa mwisho wa Leta ulifungwa tarehe 30 Juni 2025. Ndiyo sababu nimeuchagua. Wewe unayekaa karibu na shimo la kompanyi, unayesikia king'ora cha zamu na kuhesabu siku za mshahara, utaona katika Samcheok mambo ambayo mtalii wa Seoul hayaoni.

BAHARI NA WATU WAKE

Tuanze na bahari, juu wengi wetu hatujaiona. Anayejua Ziwa Tanganyika pale Kalemie anapata mfano kidogo: maji mpaka mwisho wa macho. Lakini maji haya ni ya chumvi, ni ya baridi, na mawimbi yake hayana huruma. Wakorea wanaiita Bahari ya Mashariki. Wajapani walio ng'ambo wanaiita Bahari ya Japani, na juu ya jina hilo tu mataifa mawili yamegombana miaka mingi.

Kusini ya mji kuna bandari ndogo ya wavuvi, Jangho. Maji yake ni safi hata unaona mawe chini. Tangu mwaka 2017 kuna kigari kinachoning'inia kwenye kamba ya chuma, kinavuka juu ya bahari meta 874 kutoka Yonghwa mpaka Jangho. Tena tangu 2010 kuna reli ndogo kandokando ya bahari, kilometa 5.4, kutoka Gungchon mpaka Yonghwa. Hakuna mashine ya kuvuta: unakaa katika kigari na kukanyaga pedali sawa vile baiskeli, papa na mama mbele, watoto nyuma, mnapita kati ya misonobari na ndani ya mashimo yaliyotobolewa mlimani.

Pale Gungchon, kabla ya kukanyaga pedali, kuna kaburi kubwa la udongo. Wenyeji wanasema ni la Gongyang, mfalme wa mwisho wa ufalme wa Goryeo. Alinyang'anywa kiti mwaka 1392, akahamishwa toka fasi hata fasi, na mwaka 1394 akauawa hapa Samcheok. Mji mwingine karibu na Seoul unasema nao unalo kaburi lake. Mfalme mmoja, makaburi mawili. Alipokuwa hai hakuna mji uliotaka kumpokea.

Kijiji kinachofuata, Chogok, hakina wafalme. Kina mtoto wa mama mzamiaji. Katika pwani za Korea kuna akina mama wanaozama baharini bila chupa ya hewa, wanashika pumzi na kuokota konokono wa bahari na majani ya kula. Mama mmoja wa kazi hiyo alizaa mtoto mwanamume, Hwang Young-jo. Mtoto huyu akakuwa mkimbiaji. Tarehe 9 Agosti 1992, kule Barcelona, katika mbio ndefu za Olimpiki, alikimbia bega kwa bega na Mjapani Morishita, na kwenye kilima cha Montjuïc, karibu na mwisho, akamwacha. Alikuwa na miaka 22.

Sasa sikiliza vizuri. Tarehe hiyohiyo, 9 Agosti, lakini mwaka 1936 kule Berlin, Mkorea mwingine alikuwa ameshinda mbio zilezile: Sohn Kee-chung. Lakini wakati ule Korea ilikuwa chini ya Wajapani. Alisimama kwenye kiti cha ushindi na bendera ya Japani kifuani, wakapiga wimbo wa Japani, naye akainamisha kichwa. Miaka 56 ilipita. Siku ile Hwang aliposhinda, mzee Sohn alikuwapo katika uwanja wa Barcelona, akaona kwa macho yake. Sisi watu wa nchi iliyotawaliwa hatuhitaji mwalimu wa kutueleza jambo hilo. Leo Chogok kuna bustani ya ukumbusho wa Hwang, na watoto wa shule wanaletwa kuitembelea.

Mbele kidogo ni Sinnam. Hapa nitapita haraka. Wanasimulia kwamba msichana mmoja aliachwa na mchumba wake juu ya mwamba aokote majani ya bahari, dhoruba ikaja, akafa maji, na tangu siku ile samaki wakakosekana. Watu wakaanza kumtuliza na sanamu za mbao za namna fulani, ambazo gazeti la jamaa haliwezi kuzieleza. Leo zimejaza bustani nzima, na watalii wanalipa kuingia na kucheka. Mimi nafikiri juu ya yule msichana, na juu ya kijiji kilichokaa kwa hofu ya maiti ya mtoto wao wenyewe. Hofu ya namna hiyo tunaijua, nasi hatucheki tunapoitwa usiku kuombea nyumba iliyokamatwa nayo.

Hadithi nyingine inafaa watoto. Zaidi ya miaka 1,500 iliyopita mkubwa mmoja wa ufalme wa Silla, Isabu, aliwekwa kutawala eneo hili. Ilikuwa mwaka 505. Katika mwaka 512 alitaka kushinda watu wa kisiwa cha Ulleung, watu wakali. Akachonga simba wa mbao wengi, akawapanga ndani ya mashua, akawaambia wa kisiwa: msipojitoa, nitawafungulia wanyama hawa. Kule hakuna aliyeona simba hata siku moja, wakakubali kutawaliwa. Samcheok imefanya bustani ya simba wake karibu na ufuko. Mtoto wa Upemba angemwuliza Isabu kwa nini simba zake hazinuki.

Usifikiri mji huu umelala tu katika raha. Korea ya Kaskazini haiko mbali. Mwisho wa mwaka 1968 askari wa Kaskazini 120 walishuka kwa siri katika pwani hii, damu ikamwagika milimani. Tangu hapo pwani ilifungwa na waya za miiba miaka mingi, na sehemu nyingine waya hizo zimetolewa juzijuzi tu. Na bado: tarehe 15 Juni 2019 watu wanne wa Kaskazini walifika na mashua ya mbao mpaka ndani ya bandari ya Samcheok bila askari kuwaona. Mmoja akamwomba mkaaji wa pale amwazime simu. Wakubwa wa jeshi waliona haya sana. Wawili walitaka kurudishwa kwao, wawili wakabaki.

Jambo moja ninaliheshimu kwa watu hawa. Leta ilitaka kujenga kiwanda cha umeme wa nyuklia katika eneo lao. Mwaka 2014 wakachagua mkuu wa mji aliyekataa, na tarehe 9 Oktoba mwaka ule wakapiga kura wenyewe: karibu 85 kwa mia walisema hapana. Leta ilisema kura hiyo haina nguvu ya sheria. Hawakunyamaza. Mwaka 2019 mpango ukafutwa. Wavuvi, wakulima, watu wa makanisa na wa mahekalu walikuwa wakitembea pamoja barabarani. Kumbuka kura hii, juu tutarudi pwani.

Na chakula? Wana samaki mmoja anaitwa gomchi. Sura yake ni mbaya, nyama yake inateleza kama kamasi. Zamani wavuvi walimtupa majini wakimkuta ndani ya wavu. Leo anapikwa supu na kabeji iliyochachishwa na pilipili, yaani kimchi, na watu wanapanga mstari asubuhi kuinywa.

MTO WA HAMSINI

Sasa tuache bahari, tupande. Mto wa mji unaitwa Osipcheon, maana yake mto wa hamsini. Zamani mwenye kusafiri kutoka mji mpaka juu milimani alihesabu kuuvuka mara hamsini hivi, jinsi unavyojipinda.

Ndani ya mji, juu ya genge la mto, imesimama nyumba ya wazi ya mbao, Jukseoru. Hakuna anayejua ilijengwa mara ya kwanza lini, lakini ilitajwa tayari mwaka 1266, na ikajengwa upya mwaka 1403. Mwaka 2023 Leta ikaihesabu kati ya hazina za taifa. Ukiinama chini yake utaona ufundi wa watu wale: hawakusawazisha mwamba. Waliacha mawe jinsi Mungu alivyoyaweka, wakakata kila nguzo kwa urefu wake, fupi pale jiwe linapopanda, ndefu pale linaposhuka, na sakafu juu ikakuwa sawa kabisa. Wajenzi wetu wa makanisa wangeitazama kwa saa nzima.

Ukiendelea kupanda, unafika Daei-ri, bonde la mapango. Milima hapa ni ya mawe ya chokaa, na maji yameitoboa tangu uumbaji. Pango kubwa, Hwanseon, lina kilometa zaidi ya 6 zinazojulikana. Watu wanaruhusiwa kutembea kama kilometa 1.6 juu ya madaraja ya chuma. Ndani ni baridi, mto unapita, maji yanaanguka gizani kwa kishindo. Leta ililiweka chini ya ulinzi mwaka 1966, lakini lilifunguliwa kwa wageni mwaka 1997 tu. Pango la pili, Daegeum, halikuwa na mlango wa kuonekana kabisa. Waliona maji yanatoka mlimani, wakatafuta, wakalikuta mwaka 2003. Tangu 2007 kigari cha reli kinawabeba watu mpaka ndani ya tumbo la mlima.

Angalia miaka hiyo: 1997, 2003, 2007. Mapango yalikuwapo siku zote. Kwa nini yalitafutwa na kufunguliwa wakati ule? Kwa sababu makaa yalikuwa yamekwisha kuanguka. Njaa ilifungua macho ya mji. Nasema hivyo bila dharau, sisi ambao tuna mapango, maporomoko ya maji na chemchemi za moto katika Katanga, na barabara ya kufika pale inakufa kila masika.

DOGYE, MJI WA MASHIMO

Mbele zaidi mto unakuwa mwembamba, milima inakaribiana, na nyumba zinapangwa mstari kama katika kambi ya wafanyakazi. Hapa ni Dogye. Iko ndani ya mipaka ya Samcheok, lakini mtu wa Dogye na mtu wa pwani wanajitofautisha sawa vile mtu wa kambi na mtu wa cité.

Wajapani walianza kuchimba kwa nguvu hapa mwaka 1936. Ni makaa ya mawe, siyo makala ya miti. Wazee wa Luena wanajua ninasema nini. Mwaka 1940 reli ikafunguliwa kushusha makaa mpaka bandari ya Mukho. Lakini fasi moja mlima ulikuwa mkali hata treni haikuweza. Wakafunga mabehewa kwenye kamba ya chuma, mashine ikayavuta moja moja. Na abiria? Waliteremka, wakapanda mlima kwa miguu na mizigo kichwani, watoto mgongoni, wakapanda treni nyingine kule juu. Theluji au mvua, ilikuwa hivyo mpaka mwaka 1963. Fasi nyingine treni ilipanda kwa kwenda mbele na kurudi nyuma kama mtu anayeshona, mpaka mwaka 2012 lilipofunguliwa shimo la reli la kilometa 16 linalozunguka ndani ya mlima kama konokono. Reli ile ya kushona sasa ni ya watalii.

Kisha Wajapani wakaondoka, vita ikaja, na mwaka 1950 Leta ya Korea ikafanya kompanyi yake ya makaa. Nchi ilikuwa maskini kabisa, milima ilikuwa uchi kwa kukata kuni. Makaa ndiyo yaliyopasha moto nyumba za Seoul. Yalisagwa na kushindiliwa yakawa kama keki nene nyeusi yenye matundu 22, uzito wake kilo 3.6 hivi. Iliwashwa chini ya sakafu, moshi ukapita chini ya mawe, jamaa wakalala juu ya joto.

Joto lile liliua pia. Sakafu ikipasuka, hewa ya sumu isiyo na harufu inapanda usiku, na asubuhi jirani anagonga mlango bila jibu. Maelfu kwa maelfu wa Wakorea walikufa hivyo katika miaka ile. Mama msomaji, sumu ileile inatoka katika mbabula yako. Wakati wa baridi, mwezi wa sita na wa saba, usiingize mbabula ndani na kufunga dirisha, hata kama makala yamekuwa mekundu na hayana moshi tena. Hasa wakati huo ndipo wanadanganyika.

Maisha ya jamaa za Dogye ungeyatambua. Wachimbaji waligawanyika katika zamu tatu. Bibi alifunga chakula katika kisanduku, lakini hakuweka vijiko vinne vya wali, juu katika lugha yao neno "nne" linasikika sawa na neno "kifo". Viatu vya mume nyumbani vilielekezwa ndani, ili mwenyewe arudi. Ndani ya shimo hakuna kupiga mluzi, na panya hawauawi. Mwanamke hakupaswa kukata njia mbele ya mchimbaji anayekwenda kazini asubuhi. Akina mama walingoja kando mpaka wanaume wapite. Mimi ni mchungaji, siwezi kusema mambo hayo yanaokoa. Lakini kabla ya kuyahukumu, soma Ayubu sura ya 28, pale anapoeleza watu wanaoshuka gizani, mbali na wanaotembea juu, wakitafuta mawe. Mwandishi yule alijua kazi hii. Mtu akimwona mume wake anashuka kila siku ndani ya ardhi, atashika chochote kilicho karibu na mkono wake. Swali ni letu sisi watumishi: je, tulikuwa karibu?

Baada ya kazi wanaume walikula nyama ya nguruwe yenye mafuta, wakiamini inaosha vumbi kooni. Kila nchi ya madini ina dawa yake ya vumbi, na vumbi halisikii. Mapafu ya wazee wengi yalikauka. Kule Taebaek, mji wa ng'ambo ya mlima, mwaka 1975 walisimamisha mnara wa kuwakumbuka waliokufa migodini, na mwaka 1997 wakafungua nyumba ya makumbusho ya makaa.

Mwaka 1988 Korea ilipokea Olimpiki. Mwaka uleule ilikuwa na migodi ya makaa 347, na ilitoa tani kama milioni 24. Ilikuwa kilele. Watu wa Seoul walikuwa wameanza kupata mafuta na gesi. Hawakutaka tena kubeba majivu kila asubuhi. Mwaka 1989 Leta ikaanza kulipa wenye migodi ili wafunge. Katika miaka michache karibu yote ikafa. Taebaek ilikuwa na watu kama 120,000. Leo hawafiki 40,000. Dogye ilipita 40,000 mwisho wa miaka ya 1970. Leo haifiki 10,000.

Kompanyi ikiondoka, hesabu ya kwanza inafanywa katika nyumba: mtoto yupi abaki shuleni. Vijana wa Dogye walipanda treni wakashuka katika miji ya viwanda. Wazee wakabaki na mapafu yao.

Leta haikukaa bure, tuseme kweli. Mwaka 1995, baada ya watu wa migodi kuandamana, ilitungwa sheria ya kusaidia maeneo ya migodi iliyofungwa. Mwaka 2009 chuo kikuu kilifungua matawi yake juu ya mlima wa Dogye ili wanafunzi wajaze vyumba vilivyoachwa. Wakatafuta hata namna ya kufanya vioo kwa mawe yanayobaki baada ya kutoa makaa, yale ya vilima vyeusi, ndugu za kile cha Lubumbashi. Wameweka nyumba pale ambapo watalii wanaona fundi akipuliza kioo cha moto.

NG'AMBO YA MLIMA

Juu ya Dogye, upande wa Taebaek, kuna kilele cha njia kinaitwa Samsuryeong. Tone la mvua likianguka pale lina njia tatu: kwenda magharibi kwa mto Han mpaka Seoul, kwenda kusini kwa mto Nakdong, au kushuka mashariki kwa Osipcheon mpaka bahari ya Samcheok. Anayekaa karibu na mpaka wetu na Zambia anaelewa, juu mpaka ule unafuata mgongo wa namna hiyo: huku maji yanakwenda Kongo, huku yanakwenda Zambezi.

Karibu na kilele hicho, mwaka 1965, mtumishi wa Mungu Mmarekani wa kanisa la Anglikana, Reuben Archer Torrey, pamoja na bibi yake Jane, waliacha shule ya wachungaji aliyoiongoza karibu na Seoul. Babu yake alikuwa mhubiri mwenye jina kubwa. Walipanda huku na vijana wachache, wakalala katika hema, wakajenga nyumba za mawe. Waliita fasi ile Yesuwon. Sheria yao: kuomba ni kazi, na kazi ni kuomba; asubuhi, mchana na jioni sala, na katikati yake ng'ombe, mashamba na mawe ya kubeba. Yeyote anayegonga mlango anapokewa siku chache. Torrey alikufa mwaka 2002, na Yesuwon bado inapokea wageni. Yeye alikuja katika milima ya makaa bila kutaka makaa.

Upande mwingine, katika Jeongseon, unakuta jambo la namna nyingine. Huko Sabuk, katika Aprili 1980, wachimbaji na bibi zao walikasirika juu ya mshahara uliopatanwa nyuma ya migongo yao, wakaushika mji siku nne. Mpolisi mmoja alikufa, wengi wakafungwa na kuteswa. Mwaka 2000, katika eneo lilelile, kikafunguliwa kile kilichopaswa kuwalisha: kasino. Katika Korea nzima ndiyo pekee ambamo Mkorea mwenyewe anaruhusiwa kuingia kucheza.

Faida ilipatikana, siwezi kukataa. Kazi zilipatikana, barabara ni nzuri, kuna hoteli na mchezo wa theluji. Lakini kandokando ya barabara yamepangwa maduka ya rehani, na mbele yake magari ya watu waliokuja nayo na kurudi bila nayo. Wengine hawakurudi kabisa. Kompanyi ya kasino yenyewe imefungua kituo cha kutibu watu waliofungwa na mchezo, na kuna sheria kwamba mtu asiingie zaidi ya siku 15 kwa mwezi. Siku 15! Mtoto wa mchimbaji aliokolewa na kazi ya shimo, akapewa kazi ya kugawa karata kwa baba wa mtu mwingine. Mimi ningechagua vioo vya Dogye, hata kama mshahara wake ni mdogo.

KURUDI PWANI

Tushuke tena na mto. Tangu tarehe 1 Januari 2025 treni inapita kandokando ya bahari kutoka Busan kusini mpaka Gangneung, na inasimama Samcheok. Watalii wataongezeka. Wanatafuta ufuko wa Maengbang, ambako mwaka 2021 wale vijana waimbaji wa BTS walipigwa picha za wimbo wao. Viti na miavuli ya rangi vimewekwa pale kwa kumbukumbu.

Lakini ukigeuza kichwa utaona ukuta wa bandari mpya na kiwanda. Mji uliokataa nyuklia umepata kiwanda cha umeme cha makaa ya mawe. Kina mitambo miwili; wa kwanza ulianza kazi mwaka 2024, wa pili mwaka 2025. Tangu kazi ya bandari ianze, mawimbi yamekula mchanga wa Maengbang, na wakaaji wamelalamika miaka mingi.

Na makaa yenyewe yanatoka wapi? Siyo Dogye. Makaa ya Dogye ni ya namna nyingine, magumu, na kuyatoa chini sana kunagharimu. Yanayochomwa Maengbang yanakuja na meli kutoka nchi za ng'ambo. Kwa hiyo katika mwaka mmoja, 2025, mtambo wa pili uliwashwa ufukweni, na juu mlimani, katika mji uleule, wachimbaji wa Leta walipanda kutoka shimoni mara ya mwisho. Mgodi wa Hwasun ulifungwa 2023, wa Jangseong kule Taebaek 2024, wa Dogye 2025, na kompanyi iliyoanza mwaka 1950 ikabaki bila mgodi. Uliobaki Korea ni mmoja tu wa mtu binafsi, Sangdeok, nao uko Dogye.

Katika mipango iliyowekwa mbele kwa ajili ya Dogye kuna kituo kikubwa cha kutibu kansa kwa mashine za kisasa. Ni jambo jema, wagonjwa wako. Lakini mtu wa miaka 50 aliyejua maisha yake yote kusimamisha nguzo za shimo na kusikiliza sauti ya mwamba, atasimama upande gani wa mashine hiyo? Na mtoto wake anayemaliza shule sasa, nani atamlipia miaka ya masomo mpaka aishike? Wakaaji walipiga kambi ya hema barabarani kabla mgodi haujafungwa, wakitaka majibu ya maswali ya namna hiyo yaandikwe kwenye karatasi kabla shimo halijafungwa, siyo baadaye.